RAV4 iliyosema "tak" ndani ya pantoni: betri mpya, stata nyingine, na bado

Gari ilizimwa ndani ya pantoni, kivuko cha Dar es Salaam, upande wa Kigamboni ikiwa nzima. Pantoni ilipogusa Magogoni na magari ya mbele yakaanza kutoka, dada mwenye gari akapiga swichi: tak. Mara moja, kisha kimya. Akapiga tena: tak. Nyuma honi, pembeni abiria wa miguu wanapita wakimwangalia, na kijana mmoja keshaweka mikono kwenye buti. "Weka nyutro, dada, tusukume." Wakaisukuma hadi nje, jirani na soko la samaki, na tangu hapo kisa kikaanza kupotea njia.

Mimi nilipigiwa simu siku kumi na moja baadaye. Kufikia siku hiyo RAV4 yake, ile ya kwanza kwanza yenye injini ya 3S na gia za otomatiki, ilikuwa imekula betri mpya ya shilingi 210,000 na stata, yaani mota ya kuwashia injini, ya mtumba ya 130,000 kutoka Ilala, na ufundi 40,000 juu yake. Ilikuwa imelala kwake Kibada, haiwaki. Sauti ni ileile ya siku ya pantoni.

Kwa aliyezoea, sauti ya gari inayogoma ni nusu ya jibu. Ukisikia tik-tik-tik-tik za haraka kama cherehani, na taa za dashibodi zinakonyeza kwa mdundo huohuo, mara nyingi betri haina nguvu. Solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku, inavuta, mota inataka kula moto (umeme), betri inaanguka, solenoidi inaachia, betri inapumua kidogo, solenoidi inavuta tena. Kukiwa kimya kabisa, kaanze kwenye swichi, rilei, au angalia kama gia imekaa P sawasawa. "Tak" moja nzito ni habari nyingine. Hapo solenoidi imepata moto wa kutosha kuvuta, ila mota haijapata wa kuzunguka. Solenoidi inakula ampea chache tu. Mota ya stata ya injini ya lita 2 inaweza kutaka 150 au zaidi kwa mara moja. Kwa hiyo njia ambayo imebana inaweza kupitisha haja ya solenoidi bila shida, halafu ikashindwa pale mzigo wenyewe unapofika.

Ndiyo maana fundi aliyenitangulia simlaumu sana. Ndani ya solenoidi za stata za Toyota za umri ule kuna vipande viwili vya shaba. Pistoni ikivutwa, bamba lake linavigusa vyote viwili na moto unaingia kwenye mota. Shaba zikilika, bamba linafika lakini haligusi vizuri, na sauti unayoipata ni hiyohiyo "tak" moja, taa zikiwa zinawaka vizuri. Ukiigonga stata kwa rungu la spana, inawaka. Yule fundi aliigonga, ikawaka mara moja, akasema stata imekwisha. Na mimi ningesema hivyohivyo. Kwa kweli nilikaribia kusema.

Nilifika kwa bodaboda saa nne asubuhi. Betri mpya, temino zimekazwa, zimepakwa grisi, ukizishika hazichezi. Nikaweka mita: volti 12.5 gari ikiwa imezimwa. Taa kubwa ziliwaka vizuri, honi ililia. Nikamwomba dada apige swichi: tak. Nikaingiza mkono na spana ndefu, nikaigonga stata mara mbili, nikamwambia, "Piga tena." Injini ikajizungusha nusu mzunguko ikakwama. Moyoni nikasema, basi, wamemuuzia stata mbovu, shaba zimelika na hii pia. Nikaanza kutafuta spana ya kuishusha.

Kilichonizuia ni uvivu. Kushusha stata kwenye hiyo gari, ukiwa umejikunja chini ya betri, si kazi ya kuifanya kwa kubahatisha, na jua la Kibada saa nne halina masihara. Nikakaa kwenye ngazi ya baraza, nikaomba maji, nikamwambia dada anisimulie upya tangu pantoni, bila kuruka.

Akasimulia. Siku ile pale feri, dereva wa teksi alimsaidia kubusti, yaani kumwazima umeme wa gari yake kwa nyaya. Gari ikawaka kwa swichi moja, tena kwa nguvu. Ndiyo sababu kila mtu akasema betri. Akanunua betri. Ikawaka siku tatu, ingawa asubuhi ya pili ilisitasita. Siku ya nne ikarudi kwenye tak. Jirani akaja na gari yake na nyaya za kubustia, nzuri kuliko za teksi, nene kama kidole. Haikuwaka. Wakasubiri dakika kumi gari ya jirani ikiunguruma, wakapiga tena: tak. Hapo jirani akatoa hukumu kwamba kama hata kubusti haikubali, stata imekufa.

Kusema kweli hapo ndipo nilipoacha kutafuta spana. Stata iliyolika shaba haijali kama umeme umetoka betri mpya au teksi. Inaweza kukubali leo na kukataa kesho, sawa, lakini ilivyokubali mbele ya teksi na kukataa mbele ya jirani ilinikaa vibaya.

"Dada, yule wa feri, waya mweusi aliubana wapi?"

Akafikiri kidogo. "Hakuweka kwenye betri. Aliubana huku kwenye chuma cha injini. Nikamuuliza mbona hivyo, akasema ndivyo inavyotakiwa."

"Na jirani?"

"Jirani yeye aliweka vizuri, vyote viwili kwenye betri."

Nikacheka, akaniuliza nacheka nini. Dereva wa teksi alikuwa sahihi. Waya wa mwisho hubanwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni na cheche ikiipata inaweza kulipuka. Bila kujua, alikuwa ameipa injini njia nyingine ya kurudishia umeme, njia isiyopita kwenye nyaya za hii gari. Jirani, kwa kubana kwenye temino, aliongeza nguvu kwenye betri ambayo haikuwa na tatizo, halafu akauacha umeme urudi kwa njia ileile mbovu.

Umeme wa gari watu wengi wanaufikiria wa kwenda tu. Waya mwekundu unapata heshima zote: unafunikwa mpira, unawekewa fyuzi, ukichubuka kidogo mtu anashtuka. Lakini kila ampea inayoingia kwenye stata lazima irudi kwenye negativu ya betri, na inarudi kupitia chuma cha stata yenyewe, chuma cha giaboksi, halafu waya wa ethi, ule unaounga chuma cha injini na bodi kwenye negativu ya betri. Injini imekaa juu ya mauntini za mpira. Bila waya wa ethi, injini na bodi ni vitu viwili visivyojuana. Taa na honi hupata ethi kwenye bodi, ndiyo maana zote zilikuwa nzima na kuapa kwamba betri ni nzuri. Na zilisema kweli.

Nikarudi kwenye mita, safari hii nikapima gari ikiwa inahangaika, kwa sababu volti za gari iliyolala hazisemi chochote kuhusu njia. Waya uliobaki na nyuzi mbili kati ya mia utakuonyesha volti 12.5 zote kama hakuna kinachopita. Mpe mzigo ndipo utajua.

Dada akashika swichi, mimi nahesabu tatu, anaachia. Kwanza betri yenyewe, temino hadi temino, wakati wa tak: 11.6. Inamaanisha inatoa umeme wa maana, na haijazidiwa. Pili, kutoka temino ya pozitivu hadi kwenye nati nene ya nyuma ya stata: 0.3. Waya mwekundu mzima. Tatu, kutoka nati ile hadi kwenye bodi ya stata: 3.9. Hizo ndizo volti zote ambazo mota ilikuwa inapata kusukuma injini ya lita 2. Nne, kutoka chuma cha giaboksi hadi temino ya negativu: 7.4.

Volti 7.4 kati ya chuma na chuma, ambavyo vilipaswa kuwa kitu kimoja. Ukijumlisha 0.3, 3.9 na 7.4 unapata 11.6 kamili, ile ya betri. Hakuna kilichopotea, hesabu imefunga. Njia ya kurudi ilikuwa inakula karibu mara mbili ya kile stata ilichokuwa inapata. Kwa mzunguko mzima wenye afya, pale nategemea kuona chini ya nusu volti, na nikiona 0.2 nafurahi.

Kabla ya kutambaa chini nilitaka ushahidi ambao hata jirani angeukubali. Nikachukua waya mmoja tu wa kubustia, ule mweusi, ncha moja kwenye temino ya negativu, ncha nyingine kwenye ndoano ya chuma ya kunyanyulia injini. Hakuna gari nyingine, hakuna betri nyingine. "Piga." Ikawaka kabla hajamaliza kugeuza ufunguo. Dada akatoa kichwa dirishani. "Umefanya nini?" Nikamwonyesha waya.

Gari ikiwa inaunguruma, nikautoa ule waya, nikawasha taa na feni. Kwenye betri nikapata 13.0. Nikaweka mkono mmoja wa mita kwenye nati ya altaneta, mashine inayochaji betri, na mwingine kwenye bodi ya altaneta: 14.2. Altaneta ilikuwa inafanya kazi yake, lakini nayo inategemea njia ileile ya ethi, na volti 1.2 zilikuwa zinaishia njiani. Betri ilikuwa inalishwa uji mwepesi kila siku. Betri ya zamani dada aliiacha dukani akapunguziwa bei, kwa hiyo siwezi kuisemea, ila haitanishangaza kama nayo ilikuwa nzima na yenye njaa tu.

Tena namba hizi zinasalimiana. Stata ilipokuwa imekwama, kwa makadirio ilivuta kama ampea 120. Gawanya 7.4 kwa 120, ukinzani wa ile njia, yaani kiasi inavyouzuia umeme, unakuja karibu omu 0.06 (omu ndiyo kipimo chake). Altaneta ikitoa ampea 20 kwenye njia hiyohiyo, inapoteza volti 1.2, ndizo nilizozipima. Omu 0.06 mita ya kawaida ya shilingi elfu ishirini na tano haiwezi kuionyesha. Ukiiweka kwenye omu na kugusa ncha mbili za waya ule, itakwambia sifuri, waya mzima, na utaenda nyumbani na uongo. Nimeona mafundi wazuri wakidanganywa hivyo.

Sasa kutafuta. Kwenye hii gari waya mweusi wa betri unagawanyika: mfupi unaishia kwenye bodi hapohapo karibu, mrefu na mnene unashuka hadi kwenye giaboksi. Ule wa bodi ulikuwa safi. Kwa nyuma, kati ya injini na ukuta wa kabini, kulitakiwa kuwe na waya wa kusuka usio na mpira. Ulikuwepo kwa kiwango cha mkia wa panya: kipande kidogo kimebaki kwenye bolti, kimeoza kijani. Magari yanayolala karibu na bahari ndivyo yalivyo, na ule ulikuwa umekatika zamani, labda miaka. Gari ilikuwa inaishi kwa ethi moja, na kwa ethi moja inaweza kuishi sana.

Ile moja ndiyo iliyokuwa na la kusema. Nilipoishukia nikakuta giaboksi inang'aa silva kama sufuria ya harusi. Nikamuuliza dada, giaboksi ilifanyiwa nini? "Ah, hiyo ni kazi nyingine," akasema, "ilikuwa inavuja oili, walishusha wakabadilisha sili ya mbele. Mwezi uliopita. Walinifanyia vizuri mno, hadi wakaipuliza rangi."

Spana namba 12, bolti ikatoka. Nikageuza ncha ya waya: upande unaogusa giaboksi una duara la silva, laini, halijachubuka hata kidogo. Waya ulikuwa umefungwa juu ya rangi mbichi. Kwa wiki mbili tatu umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu, na meno nayo yalikuwa yameanza kushika ukungu mweupe. Kila stata ikipigwa, pale panapata joto, panaongeza kutu, panabana zaidi. Na bolti ile iko kama kiganja kimoja kutoka kwenye stata. Ukiigonga stata, bolti nayo inatikisika, meno yanapata mahali papya pa kugusa, gari inawaka. Ndivyo stata isiyo na kosa ilivyofungwa jela, na ndivyo mimi nusu saa nyuma nilivyotaka kuifunga ya pili.

Ukarabati wenyewe hauna hadithi. Msasa kwenye giaboksi hadi chuma cheupe, msasa kwenye ncha ya waya, washa yenye meno, bolti ikakazwa, grisi juu baada ya kukaza. Nyuma nikafunga waya mpya wa kusuka, wa shilingi 15,000. Nikapima tena: giaboksi hadi negativu wakati wa kupiga stata, 0.15. Betri wakati huohuo ikashuka hadi 10.7, chini kuliko 11.6 ya asubuhi, na dada aliyekuwa ameshaanza kuisoma mita akashtuka. Nikamweleza kwamba asubuhi betri ilikuwa juu kwa sababu ilizuiwa kufanya kazi, na sasa imebeba mzigo wake wote. Chaji kwenye temino ikawa 14.1.

Kumbe kulikuwa na jambo alilolitaja mapema nikalipita. Alisema tangu wiki iliyopita pedali ya mafuta imekuwa nzito, akaambiwa ipakwe oili. Na kwamba siku ya jirani, walipopiga stata mara nyingi, aliona harufu kama ya ndoo ya plastiki iliyosogezwa jikoni, wakadhani stata inaungua. Nikafungua kebo ya akseleta. Plastiki ya ndani ilikuwa imeyeyuka na kuganda sehemu mbili. Umeme ukikosa ethi haukai kusubiri, unatafuta chuma chochote kinachounganisha injini na bodi, na kebo ya akseleta ni chuma chembamba kilichotoka kwenye injini kikaingia ndani ya kabini hadi kwenye mguu wa dereva. Sehemu ya zile ampea 120 ilikuwa inapita pale. Huu ndio ushahidi ambao ungeniokolea nusu saa na aibu ya kugonga stata, maana pedali nzito pamoja na gari inayosema tak havina sababu nyingi zinazovileta siku moja. Kebo ile ilibidi ibadilishwe. Kebo iliyoyeyuka ndani inaweza kukwama gari ikiwa mwendo, na hilo sikumpa nafasi ya kuliahirisha.

Stata yake ya kwanza ilikuwa kwenye kiroba nyuma ya kiti. Nikaifungua kifuniko cha solenoidi mbele yake: shaba zote mbili nene, zimechakaa kwa umri, hazijafika nusu. Nikaibana chini kwa mguu, nikaiunga kwenye betri kwa nyaya za kubustia, ikaruka ikazunguka kwa sauti safi. Ile ya Ilala, ingawa iliwasha, ilikuwa na mlio wa kukwaruza kila ikiachia.

Akaiangalia iliyoko kwenye kiroba, akaangalia boneti.

"Hii ya kwangu unaweza kuirudisha?"

"Naweza. Saa moja na nusu hivi."

"Irudishe."

Nikashuka tena chini ya betri, jua likiwa limefika utosini, kuifanya ileile kazi niliyokuwa nimeikwepa asubuhi.